Kitabu cha Saba na Kaburi la Chiola

Nachingwea,
24 Februari 2024

Mjomba Mikidadi,

Shikamoo. Nakuombea barua hii ikukute umekaa barazani kwako Nandagala, umeshiba, na mguu wako haukusumbui. Sisi huku tunaendelea. Mume wangu Habibu anakusalimu. Amerudi juzi kutoka Chiola, anasema nyasi chini ya mikorosho ya mama zimemfika magotini na hajui aanzie wapi. Mtoto ameota jino la pili, nikimnyonyesha ananiuma makusudi halafu anacheka. Mvua haikatiki. Pale steshenari ninapofanya kazi maji yanapita chini ya mlango, karatasi zote tumezipandisha mezani.

Arobaini ya mama tuliisoma Jumapili iliyopita. Tulikutengea sahani mpaka wali ukapoa.

Nakuandikia kwa sababu kitabu cha saba cha Taa za Ilala kimetoka. Kipriani muuza vitabu wa stendi aliletewa nakala nne kutoka Dar. Tatu zilichukuliwa siku hiyohiyo na walimu, ya nne akanifichia chini ya madaftari. Akaniambia, "Dada Shamimu, sikuambii mwisho wake, ila nimelia mimi mwanaume mzima." Kipriani hulia kila kitabu, unamjua, lakini safari hii nami nimelia.

Utaratibu naujua. Tangu kitabu cha kwanza, nikiwa darasa la sita, nakala ni moja na wasomaji ni watatu: wewe na mama kwanza, kwa kuwahiana, mimi wa mwisho, nikikuta kurasa zimejaa penseli zenu na makaratasi mliyokuwa mkigombana humo. Safari hii nimeanza mimi. Nisamehe. Sikuweza kukaa na kitabu ndani ya nyumba bila kukifungua, na mama hayupo wa kuninyang'anya.

Simu zangu hupokei tangu ile Alhamisi ya Januari ulipofika Chiola ukakuta tumeshamzika. Uliondoka bila kunywa hata maji, na neno ulilolisema pale kaburini watu bado wanalirudia. Simu unaweza kuikataa. Habari za fundi Semeni na nguzo zake za umeme nadhani huwezi. Kitabu nimempa Hemedy, kondakta wa gari la Ruangwa. Kisome, halafu uniambie.

Mpwa wako,
Shamimu


Nandagala,
29 Machi 2024

Shamimu,

Marahaba. Kitabu kimefika kikiwa na doa la mafuta ukurasa wa tisa. Mwambie Hemedy kitabu si kitambaa cha kufutia mikono. Mguu wangu ni uleule. Tumefunga, na joto la mwaka huu halina adabu. Ufuta wa bondeni umeota vizuri, wa juu maji yaliusomba nikarudia kupanda. Mwambie Habibu nyasi hazipaliliwi kwa kuzitazama. Mtoto anayeuma watu ni wa ukoo wetu, mwache aume.

Nimekisoma mara mbili. Mara ya kwanza kwa hasira, ya pili kwa penseli.

Sasa nisikilize. Wewe na Kipriani mmelia bure, Semeni hajafa. Fundi umeme aliyepanda nguzo vitabu sita vizima, aliyezoea kusikia wafu wakizungumza ndani ya nyaya, aliyemfungia lile jini Bwana Mita ndani ya transfoma akaketi juu yake anakula embe, leo anateleza tu na kudondoka? Kwa nini? Kwa sababu ya umande? Ukurasa wa 209 anaanguka. Ukurasa wa 212 anaoshwa. Ukurasa wa 214 ameshafukiwa. Kaka yake Sudi yuko njiani anatoka Dodoma, na hakuna hata mtu mmoja anayesema tumsubiri.

Mwandishi huyu haandiki mambo bure. Maiti ikizikwa mbiombio, kaka hajaona uso, hapo pana jambo. Bwana Mita amemchukua msukule. Kilichozikwa ni mgomba uliovikwa sanda, na Semeni mwenyewe yuko hai mahali anafanyishwa kazi. Ukurasa wa mwisho taa inawaka kwenye nyumba iliyokatiwa umeme. Nani ameiwasha? Jibu hilo kwanza.

Mwandishi anajua anachokisema, hata kama wengine wanajifanya hawakijui.

Sikuja kwenye arobaini kwa sababu arobaini husomewa aliyekufa.

Mikidadi


Nachingwea,
21 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo, na hongera kwa kumaliza mfungo. Idi tuliila Chiola. Nilipika pilau kwenye sufuria kubwa la mama, likaungua chini, ladha ya moshi mpaka kwenye nyama, watu wakala kwa adabu. Mtoto alishikwa na homa, tukampima, malaria, akanywa dawa, sasa anatambaa tena na kubomoa kila kitu. Habibu amemaliza safu saba za mikorosho na anasema hiyo si kutazama.

Doa si la Hemedy. Ni langu. Nilisoma huku nakaanga maandazi, maandazi yakaungua pia. Naona mwaka huu naunguza kila kitu.

Hoja yako nimeipima. Nilinakili kurasa za kifo cha Semeni kwenye mashine ya dukani kabla sijakutumia kitabu, kwa hiyo ninazo hapa. Kitabu cha tatu mwandishi alituwekea sheria, na wewe mwenyewe uliipigia mstari: anayechukuliwa na Bwana Mita haachi jeraha. Kinachobaki ni safi, hakina hata mkwaruzo. Sasa ukurasa wa 212 wanawake wanaomwosha Semeni wanahesabu sehemu alizoungua, mikononi, shingoni, chini ya kidevu. Huyo amekufa, mjomba. Taa ya mwisho inaweza kuwa imewashwa na fundi yeyote. Ilala haina fundi mmoja.

Na kuhusu Sudi kutosubiriwa, rudi ukurasa wa 213. Jirani anasema Semeni aliacha neno. Hatuambiwi neno gani. Labda yeye mwenyewe hakutaka asubiriwe. Watu wana sababu zao.

Mstari wako wa mwisho nimeusoma. Sijaujibu kwa sababu naogopa kuuelewa.

Shamimu


Nandagala,
30 Juni 2024

Shamimu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu ya ufuta. Nimekata, nimefunga matita, nimesubiri yakauke, nimekung'uta peke yangu, maana vijana wote wa hapa wamekimbilia machimboni. Mguu umevimba lakini ninautembelea. Nimefurahi mtoto amepona.

Sheria ya kitabu cha tatu naijua. Wewe umesahau kitabu cha tano, yule mzee wa Buguruni anapomweleza Semeni kwamba waosha maiti huonyeshwa. Wanapakwa dawa ya macho bila kujua, wanaona majeraha pasipo na majeraha, wanaosha mgomba wakidhani ni mtu. Muoshaji si shahidi. Shahidi ni ndugu wa tumbo moja anayefika kutoka nje. Ndiyo maana Sudi hakusubiriwa.

Sasa tuache kuzunguka. Mimi na mama yako tulitoka tumbo moja, wawili tu. Katika nyumba yetu mwanamke akifa, kaka yake ndiye mwenye maiti. Yeye hufunuliwa uso. Yeye husema haya, zikeni. Yeye hutia udongo wa kwanza. Wewe hayo umeyajua tangu ukiwa mtoto. Mimi nilipigiwa simu magharibi nikaambiwa tumeshamaliza. Nikalala na viatu. Asubuhi nikapanda bodaboda, tukaanguka mara mbili kwenye tope, nikafika nikakuta tuta. Nikauliza mbele ya watu, mmemzika nani? Hakuna aliyenijibu. Wewe uliinama. Mpaka leo hujanijibu.

Kuna mzee mmoja Nambilanje. Nimekwenda kwake mara nne tangu Februari. Anasema dada yangu Fatu hayupo pale. Anasema yu hai, analimishwa ufuta, na amevaa khanga ya njano. Kaburi lifunguliwe kabla mvua za kwanza hazijashuka, tukikuta mgomba yeye anajua namna ya kumrudisha. Ila jembe la kwanza lishikwe na mtoto aliyemzaa mwenyewe. Huyo ni wewe peke yako.

Nakuomba, Shamimu. Katika maisha yangu sijawahi kukuomba kitu.

Mikidadi


Nachingwea,
14 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Wote wazima.

Sitashika jembe hilo. Khanga ya njano kila mwanamke wa wilaya hii anayo, hata mimi ninayo, nimeivaa sasa hivi. Kufukua kaburi ni kosa. Polisi wakija watakuchukua wewe na mguu wako mbovu, mzee wa Nambilanje hawatamkuta.

Mama nilimwosha mimi. Sikupakwa dawa ya macho na mtu.

Nirudishie kitabu. Nilikutumia ili tupate la kuzungumza, kwa sababu sikujua nizungumze nawe nini kingine. Wewe umekifanya ushahidi. Tumesoma vitabu hivi miaka kumi na nne tukicheka, mjomba. Majini yanayokunywa umeme! Mama alikuwa anasoma kwa sauti mpaka machozi yanamtoka kwa kicheko. Sasa siwezi hata kuliona jalada lake.

Kama habari ni hiyo, usiniandikie tena.

Shamimu


Nandagala,
25 Agosti 2024

Shamimu,

Nimekaa na barua yako wiki sita. Nilikuwa napuliza salfa, mikorosho haisubiri ugomvi. Kifua kimejaa unga, nakohoa njano. Hapa nyumbani hakuna wa kumsalimia ila mimi, nami sijambo.

Kitabu sikirudishi.

Jumamosi tarehe 5 Oktoba, asubuhi, nitakuwa Chiola na yule mzee na watu wawili. Usipokuja jembe nitalishika mimi. Mzee ameniambia akilishika asiyestahili, huenda akapotea yeye badala ya yule aliyechukuliwa. Nimemwambia sawa. Nina miaka sitini na mitatu, sina mke, sina mtoto, sioni ninachokilinda. Polisi nao waje.

Lakini uliandika kitu mwezi wa nne. Uliandika, watu wana sababu zao. Nimeipigia mstari kwa penseli. Nimeisoma sentensi hiyo kuliko nilivyokisoma kitabu kizima, kwa sababu pale hukuwa unasema habari za Semeni. Kama mlikuwa na sababu ya kutonisubiri, iandike. Nikiona ni sababu, nitamwambia mzee abaki kwake.

Mikidadi


Nachingwea,
15 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mtoto mzima, Habibu mzima, korosho za Chiola zimeanza kudondoka moja moja. Hizo ndizo habari zote, maana nikiendelea na salamu sitafika. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana.

Mama alikuwa na saratani ya titi. Aliambiwa Mei mwaka 2022. Ile safari ya Dar aliyokuaga kwamba anakwenda kwenye harusi ya rafiki yake, hapakuwa na harusi. Alikuwa hospitali wiki sita. Kile kilemba alichoanza kufunga, ukamtania kwamba siku hizi amekuwa mke wa shehe, kilikuwa kinafunika kichwa kisicho na nywele. Alicheka na wewe barazani, akaingia ndani akaniambia, "Mikidadi hajajua."

Alinikataza nisikuambie. Alinikataza nisikuite akizidiwa, wala akikata roho, mpaka awe chini ya udongo. Aliniapisha, mkono wangu juu ya msahafu. Nilimuuliza kwa nini, na hilo ndilo nililolibeba mwaka mzima.

Ni kwa sababu ya mkeo. Marehemu mkaza mjomba Zuleha alipolazwa hospitali na uvimbe wa tumbo, daktari alipanga kumpasua Jumatatu. Wewe ulimtoa Jumamosi ukampeleka Nambilanje, kwa mzee huyohuyo. Mama alikwenda kumuuguza kule wiki tatu. Yeye ndiye aliyemwosha. Aliyoyaona hakukuambia, kwa sababu ulikuwa unalia na wewe ni kaka yake, na alikuona huna nguvu ya kubeba na hilo. Lakini mimi aliniambia. Alisema, "Akijua naumwa atanibeba. Ananipenda, ndiyo maana atanibeba. Mimi sitaki kufia Nambilanje."

Mjomba, hatukukusubiri kwa sababu mama alikuogopa. Ningekaa nayo hii mpaka nami nife, kama usingetaja jembe.

Nisamehe. Au usinisamehe, ila usilifungue kaburi.

Shamimu


Nandagala,
27 Septemba 2024

Mwanangu Shamimu,

Marahaba. Kitabu nimempa Hemedy, kimo kwenye mfuko wa nailoni. Barua yako niliisoma barazani. Nikaenda mpaka kwenye mikorosho nikasimama huko, nikarudi nikaisoma tena.

Zuleha nilimtoa hospitali mimi. Ile Jumamosi naijua. Sikujua kwamba Fatu naye alikuwa akiijua, na kwamba miaka yote tuliyokaa tukigombana habari za majini ya Ilala, alikuwa ananitazama na hilo moyoni.

Sasa nami niandike langu, ambalo sijamwambia mtu.

Fatu alinipigia simu. Ile Jumanne, siku moja kabla hajafa. Mara tatu, asubuhi.

Unajua tulivyokuwa. Habari za kitabu hatukuzisema kwenye simu, tuliziandika tu, na sharti hilo nililiweka mimi kwa sababu yake. Nikiwa katikati ya kitabu alikuwa ananipigia, anasema, "Kaka, nikuambie nani anakufa?" halafu anakata akicheka. Alinifanyia hivyo kitabu cha pili, akanifanyia tena cha nne. Kitabu cha sita alikipata yeye kwanza, akaniletea mwaka mpya. Jumanne ile nilikuwa nimebakiza kurasa arobaini. Jina lake likatokea kwenye simu. Nikacheka. Nikasema kwa sauti, peke yangu hapa, leo hunipati. Nikaigeuza simu kifudifudi mkekani. Akapiga tena, nikacheka tena. Ya tatu nikaizima kabisa. Kitabu nilikimaliza alasiri, nikajisemea nitampigia kesho nimpe maneno yake.

Kesho yake, nilipoiwasha, aliyepiga ni wewe.

Sasa unajua kwa nini sipokei simu. Si zako tu. Sipokei ya mtu yeyote.

Shamimu, kama amechukuliwa, basi yuko mahali, na siku moja nitamwona nimuulize alitaka nini. Kama amekufa, basi dada yangu alinipigia mara tatu nami nikacheka. Sikumfuata mzee wa Nambilanje kwa ajili ya kitabu. Semeni amekufa. Nilijua tangu nilipousoma ukurasa wa 209, nikaendelea kubisha kwa sababu nikikubali ya Semeni na ile nyingine ingenijia.

Nilikuahidi nikiona ni sababu nitamzuia mzee. Ni sababu. Lakini amekwishaandaa watu wake, nami kila nikitaka kwenda kumwambia asije, miguu yote miwili inakataa, hata ule mzima. Niandikie kabla ya Jumamosi. Sijui uniandikie nini, ila niandikie.

Mjomba wako,
Mikidadi


Nachingwea,
1 Oktoba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Hemedy amekubali kuifikisha barua hii mpaka mlangoni kwako, hataiacha stendi.

Nimewasha simu ya mama. Ilikuwa kabatini tangu Januari. Ni kweli. Saa nne na dakika sita, saa nne na kumi na moja, saa tano kasoro dakika kumi. Mimi nilikuwa nimekuja hapa mjini kuchukua dawa yake ya maumivu, jirani alikuwa uani anafua. Niliporudi hakuniambia kitu. Kwa hiyo mimi nilikishika kiapo ambacho mwenyewe alikuwa ameshakiacha. Alikutaka, mjomba. Alitaka kukuambia nini sijui, wala wewe hutajua kamwe.

Nilikukasirikia siku mbili nzima, sikuficha, hata Habibu alitoka akaenda kukaa kwa Kipriani. Baadaye nikamkasirikia mama. Baadaye nikakumbuka kwamba Jumanne ile jioni aliniuliza kama gari la kutoka Ruangwa limeshapita. Nikamwambia limepita, mama, lala. Sikumuuliza anamngoja nani. Hilo ni langu, nami sitampata wa kumuuliza.

Sasa kaa chini ndipo usome. Kumwona uso ilikuwa haki yako, na mimi ndiye niliyeichukua. Siwezi kukurudishia kwa njia nyingine ila hii.

Tulimwosha watatu, mimi nikiwa kichwani. Alikuwa mwepesi, nilimgeuza kwa mkono mmoja. Nywele zilikuwa zimeanza kuota tena, fupi, laini, nyeupe zote. Nyusi hazikuota. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, na lile kovu juu ya jicho la kushoto, ulipompiga na mpini wa jembe mkiwa watoto, lilionekana kubwa kuliko tulivyolizoea, kwa sababu nyama ya uso ilikuwa imekwisha. Jicho la kulia halikutaka kufumba. Nililishika kwa vidole nikihesabu mpaka mia ndipo likakubali. Midomo ilikuwa imechanika kwa ukavu, nikaipaka mafuta. Titi la kushoto halikuwapo, palikuwa na kidonda, na kilinuka, sitakuficha. Nilikiosha kwa maji ya vuguvugu mara tano, ya mwisho yenye karafuu maiti, mpaka kikaacha kunuka. Miguu ilikuwa imevimba, kucha zina hina, alinifanya nimpake wiki moja kabla. Hakuonekana amelala. Watu husema hivyo, lakini alionekana amekufa.

Utasema nilionyeshwa. Nimelifikiria, sijalipuuza. Anayeonyeshwa huonyeshwa mtu anayemjua. Mimi nilimwosha mwanamke ambaye sikuwa namjua, ilibidi nilitafute lile kovu kwa kidole ndipo nijue kwamba ni mama. Mchawi angenionyesha mama mnene, na kilemba chake.

Uliuliza mbele ya watu mmemzika nani, nami nikainama. Leo nakujibu. Tulimzika dada yako Fatu, Jumatano, saa kumi na nusu alasiri, na kila kitu nilichokiona nimekuandikia, hakuna nilichobakiza.

Kwa yule mzee usiende. Habibu atapita huko Ijumaa na pikipiki, atamwambia yeye, wewe kaa nyumbani.

Jumamosi njoo Chiola na gari la asubuhi, peke yako. Tuta la mama limetitia upande wa kichwani. Wazee wa hapa wameniambia mara mbili niliongezee udongo, nikawaambia mwenye kuutia hajafika.

Shamimu